Umeme wa Darubini Porini

Darubini ya kusukumwa kwa mkono haihitaji umeme. Mtazamaji huielekeza Zohali, hutazama, na sayari ikihama huisukuma tena kidogo. Umeme huanza kudaiwa pale anapotaka kupiga picha. Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo nyota haikai mahali pamoja kwenye kamera. Lazima mota ya kitako kinachoibeba darubini iizungushe polepole ili iifuate nyota. Kwa picha moja ya galaksi kamera huachwa wazi dakika kadhaa, na picha kama hizo hupigwa usiku kucha ili baadaye ziunganishwe. Umeme ukikatika hata mara moja, kitako hupoteza mwelekeo na kazi huanza upya. Na mahali penye giza zuri ndipo mbali kabisa na nguzo za umeme.

Vifaa vingi vya kazi hii hutumia volti 12, kama taa za gari. La kwanza, basi, ni kujua vinakula kiasi gani. Kitako chenye mota hutumia wastani wa wati 10, ingawa matumizi hupanda sana kinapogeuka kwa kasi kutafuta nyota nyingine. Kamera yenye kipozeo hula wati 20 au zaidi, hasa usiku wa joto. Mikanda miwili ya kupasha lenzi huchukua wati 12 hivi, na kompyuta ndogo ya kuongoza vyote huchukua wati 8. Jumla ni wati 50. Kompyuta mpakato ikiingia badala ya ile ndogo, jumla hiyo huweza kukaribia mara mbili.

Mikanda ya joto huonekana kama anasa kwa asiyewahi kulala nje na darubini. Kioo kilichoelekea mbingu tupu hupoteza joto upesi kuliko hewa inayokizunguka, umande hukishika, na kufikia usiku wa manane hakuna nyota inayoonekana. Kukipasha nyuzi chache tu kunatosha. Kirekebishi kinachowasha na kuzima mkanda kwa zamu huokoa umeme mwingi.

Wati 50 kwa saa tisa ni wati-saa 450. Karibu na ikweta hesabu hiyo haibadiliki sana, kwani jua hushuka karibu wima, giza kamili huingia saa moja na robo hivi baada ya machweo, nalo hudumu takriban saa tisa na nusu, iwe Januari au Julai. Huko Uskochi giza kamili halifiki kabisa mwezi wa Juni.

Betri ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu, la sivyo huchakaa mapema. Kwa wati-saa 450 itahitajika ya wati-saa 900, yaani volti 12 na ampea-saa 75. Ile ya kuwashia gari haikuundwa kwa matumizi hayo ya polepole, na ikiisha porini gari haliwaki. Betri ya litiamu ya aina ya fosfeti ya chuma huweza kutumika karibu yote, kwa hiyo ampea-saa 50 zinatosha na akiba inabaki. Uzito nao ni hoja: ya asidi ya ampea-saa 100 hukaribia kilo 30, ya litiamu 12 hivi. Bei yake ni kubwa, lakini anayebeba vifaa mlimani haijutii. Sharti lake ni kutochajiwa ikiwa na baridi ya chini ya sifuri. Penye jalidi hungojewa ipate joto kwanza.

Hata hivyo, matatizo mengi ya usiku hayatoki kwenye betri, hutoka kwenye waya. Waya mwembamba wa milimita za mraba 0.75, wenye urefu wa mita 5, hupoteza zaidi ya volti moja ampea 5 zinapopita, maana umeme huenda na kurudi. Fundi akipima kwenye betri ataona 12.4, akipima kwenye kitako ataona 11.2, na kitako kinaanza kugoma ilhali betri ina nguvu tele. Waya wa 2.5, ule wa soketi za nyumbani, hupunguza upotevu huo hadi chini ya theluthi moja.

Plagi nazo ziangaliwe. Plagi ya duara yenye tundu la milimita 2.5 huingia kwenye soketi yenye pini ya 2.1, lakini hulegea. Darubini ikigeuka na kuvuta waya, umeme hukatika. Plagi za kukaza kwa nati huondoa adha hiyo. Fyuzi huwekwa jirani kabisa na chanya ya betri, kwa sababu litiamu ikigusana chanya na hasi hutoa mkondo wa kuyeyusha waya.

Inveta ni ya kuepukwa: kupandisha volti 12 hadi 230, kisha kuzishusha tena kwa chaja ya kompyuta, hupoteza umeme mara mbili. Jenereta hutikisa ardhi na kutoa moshi, hivyo ibaki ya kuchajia mchana. Kwa kambi ya siku kadhaa, paneli ya sola ya wati 150 kwenye jua zuri hurudisha zaidi ya wati-saa 500 kwa siku.

Wanaopanda ndege wana hesabu nyingine. Agosti 2, 2027 jua litapatwa kikamilifu kwa zaidi ya dakika sita karibu na Luxor, Misri, na wengi watasafiri na darubini zao. Kwa kanuni za kawaida za usafiri wa anga, betri ya litiamu ya akiba hubebwa mkononi tu: hadi wati-saa 100 bila kibali, kati ya 100 na 160 kwa idhini ya shirika la ndege. Betri ya volti 12.8 na ampea-saa 7 ina wati-saa 90 hivi, inayotosha kuendesha mota tangu mwezi unapoligusa jua hadi unapoliachia, saa mbili na nusu au zaidi kidogo, ikabaki na zaidi ya nusu.