Kwa Nini Beni Haikuamini (2)

Juma lililopita makala haya yalieleza jinsi uvumi wa afya unavyozaliwa. Leo tutazame unakopata makazi, maana hauenei sawasawa kila mahali.

Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini, nchini Kongo, Agosti 1, 2018. Mwezi uliofuata watafiti waliwahoji watu 961 wa miji ya Beni na Butembo. Zaidi ya mmoja katika kila wanne alisema ugonjwa huo haupo. Mtu aliye mbali, mwenye hospitali jirani, ataona ni ujinga tu.

Haukuwa ujinga. Tangu 2014 wakazi wa eneo la Beni walikuwa wakichinjwa kwa mapanga, wakituhumiwa wapiganaji wa kundi la waasi la ADF, na vilio vyao havikupata wa kuviitikia. Ebola ilipoingia, barabara zikajaa magari ya mashirika. Watu wakajiuliza: tulipokuwa tukizika ndugu zetu, haya magari yalikuwa wapi?

Kisha kidonda kikatoneshwa. Siku nne tu kabla ya uchaguzi wa rais wa Desemba 30, tume ya uchaguzi iliahirisha kura za Beni na Butembo hadi Machi, ikitaja Ebola na usalama. Masoko yalikuwa wazi, makanisa pia. Rais mpya aliapishwa Januari 24, wao hawajapiga kura. Waliokuwa wakinong'ona kwamba Ebola ni siasa sasa walikuwa na ushahidi mkononi. Siku moja tu baada ya kura kuahirishwa, kituo kimoja cha Ebola mjini Beni kilishambuliwa.

Desemba 30 yenyewe, wakazi wa Beni waliandaa uchaguzi wao wenyewe. Walipanga foleni, na kabla ya kupiga kura walinawa mikono. Hao ndio walioambiwa hawaelewi kinga!

Madaktari wenye busara walijifunza. Palijengwa vyumba vya wagonjwa vyenye kuta za plastiki angavu, ndugu akisimama nje anamwona mgonjwa wake, wanazungumza. Ni vigumu kumshawishi mtu kwamba wagonjwa wanauawa humo ndani ilhali amemwona mama yake akimpungia mkono.

Mlipuko ulitangazwa kumalizika Juni 25, 2020. Ulikuwa umeua watu 2,287.

Juma lijalo tutakwenda Minnesota, Marekani, ambako chanjo ya surua kwa watoto wa Kisomali ilishuka kutoka asilimia 92 mwaka 2004 hadi 42 mwaka 2014.