Gitaa la umeme: usinunue kwa macho

Leo tuweke siasa pembeni kidogo, tuongee vyombo.

Juzi kijana mmoja wa kwaya ya hapa kwetu Madale kaja nyumbani, simu mkononi, anatabasamu. Kwaya imechangishana miezi minane, imepata laki saba, na yeye ndiye kapewa jukumu la kwenda Kariakoo kununua gitaa. "Shikamoo anko. Nimeshalipata!" Naangalia picha: gitaa jekundu, tumbo kubwa, matundu mawili yaliyokatwa kama herufi f. Zuri kwelikweli. Nikamwambia, marahaba mwanangu, vuta kiti kwanza.

Nilimkalisha kwa sababu kosa hilo mimi nilishalifanya. Nilinunua gitaa la namna hiyo kwa mtu, nikaenda nalo kupiga second solo kwenye baa moja yenye paa la bati. Wimbo wa tatu mpiga drums kachanganya, na mimi nikaongeza sauti. Gitaa likaanza kulia lenyewe, uuuuuu, watu wakaziba masikio. Fundi mitambo akanishusha kwenye mikisa, nikamaliza usiku nacheza kitu kisichosikika. Baadaye nililiuza kwa hasara. Sasa hizo zilikuwa hela zangu. Hizi za kwaya kuna mama kauza maandazi ili atoe mchango wake.

Tuanze na jinsi linavyofanya kazi. Chini ya nyuzi kuna pikapu, yaani sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, unazalisha umeme mdogo sana kwenye ule waya. Umeme huo unapita kwenye kebo, unakuzwa na amplifaya, unatokea kwenye spika. Ndiyo maana nyuzi za nailoni hazifai kwenye pikapu za sumaku. Kwa hiyo gitaa la umeme halihitaji tumbo ili lisikike. Tumbo linabadilisha ladha tu, na ladha hiyo ina gharama yake.

Maumbo makubwa ni matatu. Majina haya nimeyatunga mwenyewe ili tuelewane.

La kwanza ni tumbo wazi. Ndani ni tupu, kama galatoni, ila lina pikapu. Ni la zamani. Gibson walitoa ES-150 mwaka 1936 na wapiga jazz wakalipenda. Sauti yake ni ya joto, nzito, tamu kwa mtu aliyekaa anapiga taratibu. Ubaya wake: sauti ya spika inarudi kulitikisa tumbo, tumbo linatikisa nyuzi, nyuzi zinarudi kwenye spika, mzunguko hauishi. Ule mluzi wangu wa baa ndio huo.

La pili ni mbao tupu. Ni kipande kizima cha mbao, hakuna uwazi wa maana ndani. Fender walianza kuuza la kwao mwaka 1950, ndilo baadaye likaitwa Telecaster. Gibson wakaja na Les Paul mwaka 1952, Fender wakarudi na Stratocaster mwaka 1954. Mbao nzito haitikisiki ovyo, kwa hiyo unaweza kupandisha sauti sana kabla halijapiga kelele, na noti inakaa muda mrefu. Ubaya wake ni uzito. Les Paul nyingi zinafika kilo nne na zaidi. Mkesha mzima umesimama na mkanda begani, asubuhi bega linakudai.

La tatu ni nusu tumbo. Pembeni kuna uwazi, lakini katikati kimepita kipande cha mbao kuanzia shingoni hadi mkiani. Gibson walilitoa mwaka 1958 kwa jina la ES-335. Lina joto la tumbo wazi na uvumilivu kiasi wa mbao tupu. Kiasi, wadau, siyo wote! B.B. King alikuwa anajaza matambara kwenye yale matundu ya f ili gitaa litulie, na mwaka 1980 Gibson wakamtengenezea lake lisilo na matundu kabisa. Kama yeye lilimsumbua, wewe na mimi je?

Zamani hapa Bongo mpiga gitaa wa dansi mara nyingi hakuwa na kazi ya kuchagua. Vyombo vilikuwa vya mwenye bendi. NUTA Jazz ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri kabla ya kuhamia DDC. Unakabidhiwa gitaa, unalipiga. Leo kijana ananunua mwenyewe, na mshauri wake ni picha ya kwenye simu.

Basi nikamuuliza maswali manne. Mtapigia wapi? Kanisa lina bati, spika zipo mita mbili kutoka kwa wapigaji. Utapiga nini? Solo, yaani noti kali zinazotakiwa kukata juu ya sauti arobaini. Nani atalibeba? Yeye na dada mmoja mwembamba, kwa zamu. Likiharibika? Hawana fundi wao. Majibu yote manne yakaelekea upande mmoja: mbao tupu, lakini jepesi.

Jumamosi tukapanda daladala. Dukani tukafanya hivi, na wewe fanya hivyohivyo: lichomeke kwenye amplifaya, simama ukiliangalia spika, pandisha sauti hadi pale mtakapopigia, kisha ziache nyuzi huru bila kupiga kitu. Lile jekundu halikumaliza sekunde tano, likaanza kulia. Kijana akanitazama, hakusema neno. Halafu vaa mkanda usimame dakika kumi. Halafu piga kila uzi kwenye kila kituo cha shingo, sikiliza kama kuna unaokwaruza.

Tukarudi na gitaa la kahawia la mbao tupu, la kawaida kabisa kwa sura, na chenji ya kebo na seti mbili za nyuzi. Mwenyekiti wa kwaya kaliona akauliza, "Hili ndilo laki saba?" Kijana akamwambia, "Mama, subiri Jumapili."

Sisemi tumbo wazi ni baya. Kama unapiga peke yako sebuleni, au kwenye hoteli watu wanakula taratibu, chukua hilo na utafurahi. Ninachosema ni kwamba uanze na mahali utakapopigia, gitaa lije baadaye.

Wadau wa vyombo, mnasemaje? Aliyewahi kuaibishwa na mluzi jukwaani atupe mkasa wake hapo chini. Tupo pamoja.