Mashini ya kushona iliyokwama haijakufa

Mwezi wa kwanza 2025 mapigano yalifika Masisi-centre, mwezi wa tatu yakafika Walikale-centre. Watu walikimbia, wengine hata hawahesabu tena ni mara ya ngapi. Fundi anaporudi nyumbani anakuta mashini yake kwenye kona, mvua imeipiga, kutu imeshika, gurudumu halizunguki. Mnunuzi wa vyuma anapita na kutaka kuipima kwa kilo. Msikilizaji, usiuze bado.

Mashini nyingi za miguu tulizo nazo huku ni Singer, ao Butterfly ya Shanghai. Kiwanda kikubwa cha Singer kule Clydebank, Scotland, kilifungwa mwaka 1980. Basi ikiwa yako ilitoka kule, imepita miaka 40 na bado ni ya kushona. Ndani yake ni chuma, plastiki karibu hakuna, na haiulizi courant. Na Butterfly ya kawaida ilifuatisha umbo la Singer ya aina ya 15, ndiyo maana sindano na kanete zao zinaingiliana. Lakini Singer zile za zamani sana, zenye navete ndefu kama mtumbwi, ziko na kanete yao peke yake. Ukienda kununua, beba ya zamani mkononi.

Sasa, kwa nini inakwama? Mara nyingi si kwamba imevunjika. Ni uzi uliojisokota nyuma ya navete, ao ni mafuta yaliyoganda. Walikale mawese yako karibu na duka la vipuri liko mbali, kwa hiyo mtu anatia mawese. Siku ya kwanza mashini inateleza vizuri, kisha yanakauka na kuwa kama gundi. Mafuta ya moteur yaliyokwisha kutumika nayo ni mabaya: yako na uchafu wa chuma unaokula vyuma vya mashini.

Usilazimishe gurudumu. Toa mkanda, toa sindano, fungua sahani ya chini, toa kanete na kisanduku chake, kisha navete. Vuta nyuzi zote na vumbi kwa sindano ya zamani na burashi ya meno. Kila visi unayofungua, iweke kwenye sahani kwa mpangilio ulioifungulia. Halafu tia petroli ya taa, matone machache, katika kila tundu la mafuta na kila mahali chuma kinasuguana na chuma. Fanya hivyo mbali na moto, tafadhali. Ulale. Asubuhi sukuma gurudumu kidogo mbele, kidogo nyuma. Likikataa, tia tena, ungoje tena. Kuna zinazotaka siku tatu, na hapo ndipo wengi wanachoka na kuchukua nyundo. Nyundo ndiyo inaua mashini, sababu chuma cha kumiminwa kikipasuka, si kila mchomeleaji anaweza kukirudisha.

Likizunguka, pangusa petroli yote, kwa kuwa inasafisha lakini hailinde. Tia mafuta yenyewe ya mashini, tone moja ao mawili kila tundu. Zungusha bila uzi, kisha shona kitambaa kibovu mpaka alama ya mafuta iishe. Bila hiyo, shati nyeupe ya kwanza ya mwanafunzi utailipa wewe, na mwezi wa tisa ndio wakati wa bulu na nyeupe.

Ikiruka mishono, usikimbilie kufungua visi za ndani. Badilisha sindano kwanza. Ule mfereji mrefu wa sindano uangalie upande uzi unapoingilia; ukiigeuza vibaya, hata mashini mpya haitashona. Na gurudumu lizunguke kuja kwako, siku zote.

Kule ambako mvua haikauki, funika mashini kwa kitambaa. Plastiki inafungia unyevu ndani na kutu inakula usiku kucha. Isikae pia karibu na jiko, masizi yanashikamana na mafuta.

Jambo la mwisho hatupendi kulisema, lakini tunajua tunaishi wapi. Kichwa cha mashini kina kama kilo 12, kinabebeka mgongoni; meza na miguu havibebeki. Kichwa kimeshikwa na visi mbili nyuma, kwenye bawaba za meza. Zitie mafuta zisishike kutu, uzifungue na kuzifunga mara moja kwa utulivu, na turnevisi yake ifungwe kwa kamba kwenye mguu wa meza. Ukibeba, toa sindano. Kisanduku cha kanete kiweke mfukoni, si kwenye mzigo: kikidondoka njiani, kichwa hakishoni mpaka upate kingine kinachokiingia.