Mlima Tunaoutazama Kila Siku



Leo naanza kwa kukiri jambo. Kazi hii ya utangazaji nimeifanya kwa miaka kumi na tisa sasa, na katika miaka hiyo nimesoma habari za Milima ya Udzungwa mara nyingi mno. Nimesoma habari za mvua zake, za wanyama wake, na za mafuriko ya mto Lumemo yanayotoka huko na kuja kutusumbua hapa Ifakara. Kila asubuhi nikitoka nyumbani nauona mlima ule upande wa machweo, umejifunga wingu kichwani kama kilemba. Hata hivyo, hadi mwezi uliopita sikuwa nimewahi kuukanyaga.

Aliyeniumbua ni binti yangu wa darasa la sita. Jioni moja aliniuliza, “Baba, mwalimu anasema maji ya Lumemo yanatoka mlimani. Huko mlimani yanatoka wapi?” Nikamjibu kwamba yanatoka kwenye chemchemi. Akauliza tena, “Umeziona?” Nikanyamaza. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Nikaamua kwamba Jumamosi inayofuata tutakwenda sote.

Hapo nikapata upinzani nisioutarajia. Mama watoto, ambaye alizaliwa na kukulia upande wa Mang'ula, aliweka mwiko chini akanitazama. “Mlima huo mimi nimeupanda utoto wangu wote na mzigo wa kuni kichwani,” akasema. “Leo niupande kwa kulipia?” Swali hilo, ndugu wasikilizaji, ndilo lililonifanya nizungumze nanyi leo. Nitalirudia.

Tulikuwa watu sita: mimi, mama watoto, watoto wetu watatu na mama mkwe wangu. Shemeji yangu alituazima gari dogo. Mama mkwe alikataa kiti cha mbele kwa heshima ya ukwe, akaketi nyuma na wajukuu zake, kikapu cha ubwabwa na perege wa kukaanga kikiwa mapajani. Nasema kikapu kwa makusudi, kwa sababu tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini, na mahali pasipofaa kabisa kuipeleka ni msituni.

Kutoka Ifakara hadi Mang'ula ni mwendo wa kilometa zipatazo 50. Wale wa umri wangu wanaikumbuka barabara ile ilivyokuwa kabla ya lami: kiangazi ni vumbi, masika ni tope, na safari ya saa moja ikawa ya nusu siku. Sasa mtu anapita Kiberege na Kisawasawa akiwa ameegemea kiti. Ukitoka Ifakara, mlima unakuwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia ni bonde: mashamba ya mpunga, vijiji, na mbele zaidi miwa. Karibu na Mang'ula wahandisi walijenga njia ya chini kwa chini ili tembo wanaovuka kati ya Udzungwa na upande wa Selous wapite bila kugongana na magari. Kijana wangu mdogo alitaka tusimame tuwangoje. Nikamwambia tembo hawana ratiba kama treni ya TAZARA, akaridhika shingo upande.

Tulipofika lango la Mang'ula nilijifunza jambo la kwanza. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, na ukubwa wake ni kilometa za mraba 1,990. Lakini ndani yake hamna barabara ya kuzungukia kwa gari kama Mikumi au Serengeti. Gari unaliacha langoni, na kuanzia hapo unategemea miguu yako. Mwenye fedha na asiye nazo, wote wanapanda kwa kuhema.

Raia hulipa ada ndogo sana kuliko mgeni wa kutoka nje, na malipo hufanyika kwa namba ya malipo unayopewa. Mwongoza njia ni wa lazima, naye ana malipo yake. Mwongozaji wetu alikuwa kijana wa vijiji hivi hivi, na kwa mshangao wangu alimwamkia mama mkwe kwa jina la ukoo wake.

Njia ya kwanza tuliyoichukua ni ile fupi inayokwenda kwenye maporomoko madogo karibu na makao makuu ya hifadhi, ili mama mkwe naye aweze. Hatukuwa tumetembea hata robo saa mama watoto aliposimama kwenye jiwe moja pana. “Hapa ndipo tulipokuwa tukitua mizigo,” akawaambia watoto. Akawaonyesha jinsi walivyokuwa wakifunga kuni kwa magome ya miti, na jinsi mdogo alivyosaidiwa kujitwisha kwanza. Binti yangu alimtazama mama yake kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Mimi mwenye stashahada ya uandishi wa habari nikawa mwanafunzi nyuma yao.

Sasa niwaeleze habari ya kuni hizo. Kwa miaka mingi baada ya hifadhi kuanzishwa, wanavijiji wa upande huu wa mashariki waliruhusiwa kuingia siku maalumu katika juma kuokota kuni kavu zilizoanguka. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilikoma. Sababu zilizotolewa zina uzito. Maelfu ya miguu ilikuwa ikipanua njia na kukanyaga miche. Si kila aliyeingia aliokota mti uliokufa tu. Na katika kundi la waokota kuni mwindaji hujificha kwa urahisi. Zaidi ya hayo, gogo linalooza si takataka. Ndilo mbolea ya msitu, na ndilo nyumba ya wadudu wanaoliwa na ndege na wanyama wadogo.

Lakini katazo hilo nalo lilikuwa na gharama yake, na aliyeibeba ni mwanamke. Jiko halikuacha kuhitaji moto. Wako waliopanda miti yao kandokando ya mashamba, wako waliojifunza majiko yanayotumia kuni chache, na wako walioanza kununua mkaa kwa fedha ambayo hapo awali ilinunua daftari. Tukisifu msitu bila kutaja gharama hiyo, tunasema nusu ya habari.

Je, kinacholindwa kwa gharama hiyo ni nini? Tukiwa bado njiani tulisikia matawi yakitikisika juu yetu. Walikuwa mbega wekundu wa Udzungwa, ambao makazi yao ni milima hii na misitu michache ya jirani, kwingine kote duniani hawapo. Kisha mwongozaji akatuambia habari ya mnyama mwingine ambaye hatukubahatika kumwona, aina ya kima mkubwa wa kijivu anayeitwa kwa jina la kijiji chetu cha Sanje. Wanasayansi walimtambua mwaka 1979. Katherine Homewood na Alan Rodgers walikuwa katika misitu hii waliposikia mlio wasioujua, na mwenyeji aliyewaongoza akawatajia mwenye sauti: ng'olaga. Ndugu wasikilizaji, tafakarini hapo. Vitabu vinasema mnyama huyo “aligunduliwa” mwaka 1979, lakini jina lake lilikuwa tayari midomoni mwa wazee wa hapa. Mama mkwe aliposikia alicheka kidogo, akasema, “Kumbe na sisi tulikuwa wasomi.”

Wala hakuwa wa mwisho. Kipunji, nyani wa milimani anayepatikana Tanzania peke yake, alielezwa na wanasayansi mwaka 2005, na mmoja wa misitu michache anamoishi ni Ndundulu, ndani ya Udzungwa. Mwaka 2008 ukaelezwa mnyama mwingine wa milima hii, sange mwenye uso wa kijivu, mwenye pua ndefu kama mkonga mdogo.

Kwa nini viumbe hawa wako hapa? Udzungwa ni sehemu ya mlolongo wa milima uitwao Tao la Mashariki, unaoanzia Taita nchini Kenya, ukapitia Pare, Usambara, Nguru na Uluguru, hadi hapa. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hugonga milima hii, zikapanda, zikapoa, zikaangusha mvua. Kwa kuwa mvua hiyo imenyesha kwa mamilioni ya miaka, msitu umedumu hata pale nchi za jirani zilipokauka, na viumbe wake wakabaki wametengwa kama watu wa kisiwani. Tena hapa msitu unaanzia chini kabisa, kwenye mita 250 hivi juu ya usawa wa bahari, na kuendelea hadi zaidi ya mita 2,000. Milima mingi imekwisha kupoteza msitu wake wa chini kwa mashamba. Kilele kirefu kuliko vyote katika hifadhi, Luhomero, kina mita 2,576.

Baada ya chakula tulikwenda kijiji cha Sanje, kilometa kama 10 kutoka Mang'ula. Mama mkwe alibaki kwa ndugu zake na mdogo wetu, nasi wanne tukaanza kupanda kuelekea maporomoko. Njia ya Sanje haina mzaha. Nilivaa viatu vyangu vya ofisini kwa kiburi cha ujana uliokwisha, na kabla ya nusu ya njia soli ya mguu wa kulia ikaachia, ikawa inapiga makofi kila hatua. Mama watoto aliifunga kwa gome la mti uliolala njiani, fundo lile lile la mizigo ya kuni. Tukaendelea.

Kwa mwendo wetu tulipanda kama saa mbili. Mto Sanje unaanguka mita 170 kwa hatua kadhaa, na kabla hujayaona maji unayasikia, kisha unayahisi usoni kama manyunyu. Watoto walioga kwenye bwawa la mawe, wakapiga kelele kwa baridi. Mimi nikageuka nikatazama tulikotoka.

Bonde lote la Kilombero lilikuwa chini yetu. Niliona mabati ya vijiji yaking'aa, kijani ya mpunga, kijani nyingine ya miwa, na mbali kabisa ukungu wa uwanda wa mto. Hapo ndipo swali la binti yangu lilipopata jibu. Msitu unapokea mvua kama sifongo, unaishikilia kwenye majani, mizizi na magogo yanayooza, kisha unaiachia kidogo kidogo, hata katika miezi ambayo mawingu hayaonekani. Vijito hivyo vinanywesha vijiji na mashamba, vinaingia mto Kilombero, nao Kilombero ndio unaoupa mto Rufiji sehemu kubwa kuliko mito mingine yote. Maji hayo yanapita katika mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, ambalo lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024. Mtu anayewasha taa Dar es Salaam huenda hajawahi kuisikia Sanje, lakini anaitumia.

Msitu ukiondoka, mvua haitaacha kunyesha mara moja. Itakachofanya ni kuteremka yote kwa siku moja, ikiwa na udongo, na kesho yake mto ukabaki mawe. Sisi wa Ifakara tunaoijua Lumemo ikikasirika hatuhitaji kufundishwa hilo.

Tuliposhuka, jua likiwa linaelekea nyuma ya mlima, binti yangu alikimbia kumsimulia bibi yake. Bibi alisikiliza yote, maporomoko na baridi na soli ya baba. Kisha akauliza swali moja tu: “Kuni kavu bado zipo?” Mtoto akajibu, “Zipo tele, bibi, zimelala tu zinaoza.” Bibi akakaa kimya kwa muda. Halafu akasema, “Acheni zioze. Lakini na sisi tukumbukwe.”

Ndugu wasikilizaji, hilo ndilo jibu la swali la mama watoto. Mlima huu haukuhifadhiwa na uzio wala na tangazo peke yake. Umehifadhiwa pia na wanawake walioacha kuni zake. Basi wao na watoto wao wawe wa kwanza kuufaidi, si kwa kuona magari ya wageni yakipita. Walimu, pangeni safari za wanafunzi; kilometa 50 si mbali. Vyama vya akina mama, changeni mkodi basi dogo. Na wanaopanga mipango ya uhifadhi wasiichoke habari ya majiko na miche ya kuni, kwa maana hapo ndipo ulinzi wa msitu unapoanzia.

Atakayekwenda achague kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, kwa sababu masika njia zinateleza. Avae raba zenye meno, achukue maji ya kutosha, suruali ndefu kwa ajili ya siafu, na aanze asubuhi. Taka zake arudi nazo. Asimlishe kima hata akiombwa kwa macho. Na kama ana mzee nyumbani aliyewahi kuupanda mlima ule kwa shida, amchukue angalau hadi langoni. Atajua mengi ambayo hayamo katika taarifa zangu za habari.

Viatu vyangu bado viko kwa fundi. Hadi juma lijalo, kwaherini.