Biblia ya Roehl na sikio la Kisarawe

Fungua Biblia iliyochapwa Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1937, ukamtafute nabii Isaya. Utamkuta, ila haitwi nabii, anaitwa mfumbuaji. Zaburi zimekuwa Mashangilio, Injili imekuwa Utume mwema, na pale ulipozoea kusoma habari za kumwamini Mwana, umeandikiwa kumtegemea. Msomaji wa leo akiishika hucheka kidogo, kisha huuliza ni nani aliyeichezea lugha yetu namna hii. Ni Karl Roehl, mmisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani, na jina lake halijapata kusafishika mbele ya wajuzi wa Kiswahili. Husemwa kwamba aliuogopa Uislamu, akaimalizia hofu yake kwenye maneno ya Kiarabu. Mashtaka hayo yana ukweli ndani yake, na nitauonyesha. Hata hivyo ninamtetea, kwa kuwa chini ya hofu ile kulikuwa na swali zuri ambalo wapinzani wake hawakulijibu: Biblia ya Kiswahili inatafsiriwa kwa ajili ya sikio la nani?

Swali hilo halikumjia akiwa mezani Ulaya. Kabla hajaitia mkono Biblia ya Kiswahili alikuwa ameishi Usambara na kukijua Kisambaa kiasi cha kuchapisha sarufi yake mwaka 1911, na alikuwa miongoni mwa wamisionari Waprotestanti wa kwanza kuingia Rwanda mwaka 1907. Biblia mbili kamili za Kiswahili zilizokuwapo wakati wake zilizaliwa ufukweni. Moja ilikuwa ya Kiunguja, kazi iliyoanzwa na Askofu Edward Steere na kukamilishwa mwaka 1891, miaka tisa baada ya kifo chake. Nyingine ilikuwa ya Kimvita, ya mwaka 1914. Walutheri, kwa upande wao, walikuwa na sharika zao Usambara na Uzaramo, ikiwa ni pamoja na Kisarawe na Maneromango, ambako wamisionari wa Kijerumani walifungua vituo katika miaka ya 1890. Mama wa Maneromango aliyezungumza Kizaramo shambani na kukitumia Kiswahili akishuka sokoni alisomewa kanisani lugha iliyopimwa kwa masikio ya Mji Mkongwe. Roehl aliona hapo pana kasoro. Akarudi kwenye Kiebrania na Kigiriki, akaketi na wasaidizi Waafrika, Andrea Ndekeja na Martin Nganisya, akaanza upya: Agano Jipya likatoka mwaka 1930 na Biblia nzima miaka saba baadaye.

Tulichukue neno moja, tulitazame kwa karibu. Kuamini, kwa jinsi tunavyolitumia kila siku, mara nyingi ni kukubali kwamba jambo ni kweli: naamini mvua itanyesha, siamini kama kaja. Waraka wa Yakobo wenyewe unaonya kwamba imani ya namna hiyo hata mashetani wanayo, nao hutetemeka. Kitenzi cha Kigiriki kinachotafsiriwa hapo kina uzito mwingine pia, ule wa kujiaminisha kwa mtu, kumwachia mzigo wako. Sasa mtazame mzee na mkongojo wake. Mkongojo ukiteleza, naye yuko chini. Hivyo ndivyo anavyoutegemea, na hakuna haja ya katekista kueleza. Kwa neno lile moja Roehl aliwapa wasikilizaji wake picha ambayo mhubiri angehitaji nusu saa kuichora. Ni haki kusema pia kwamba kuamini kuna ndugu zake, amana na mwaminifu, ambao wanabeba maana hiyo hiyo ya kukabidhi. Basi Steere hakukosea. Ninachodai ni kwamba Roehl naye hakuwa akibomoa. Mfumbuaji ni vivyo hivyo. Mtu hufumbua macho, hufumbua kinywa, na lililofumbwa hufumbuliwa. Anayelisikia kwa mara ya kwanza anajua tayari kazi ya Isaya ni ipi.

Pingamizi zito lilitoka kwa mmisionari mwenzake. Mwaka 1930 Roehl alipoeleza msimamo wake wa kuyaepuka maneno ya Kiarabu katika jarida la Africa, alijibiwa humo humo na G. W. Broomfield wa misheni ya Kianglikana ya Unguja, mara moja mwaka ule na tena mwaka 1931. Hoja ya Broomfield ni rahisi, na ni ya kweli: maneno ya Kiarabu yameshakuwa Kiswahili. Nani Kisarawe anayekula samaki akiwaza Uarabuni? Lugha haichunguzwi ukoo wake kama mchumba. Roehl mwenyewe alishindwa kuitimiza sheria yake, kwani roho na malaika wamo katika Biblia yake, na jalada linasema imeandikwa katika msemo wa Kiswahili, jina ambalo shina lake ni neno la Kiarabu la pwani. Hapo ameshindwa, na sioni njia ya kumwokoa.

Lakini ushindi wa Broomfield una mwisho wake, na mwisho huo umo katika maneno mawili yanayotamkwa kila siku misikitini. Mungu ni neno la Kibantu. Mtume, kutokana na kutuma, ni la Kibantu pia. Waislamu wa pwani wamemtaja Mola wao na Mtume wao kwa maneno hayo vizazi na vizazi, wala dini yao haikupungua. Hapa kuna somo linalokata pande zote mbili. Roehl aliyedhani kwamba ukiondoa Kiarabu umeondoa Uislamu alikosea, maana asili ya neno na dini ya msemaji haziendi njia moja. Ule Utume mwema wake umetoka katika shina lile lile la Mtume wa Waislamu. Na anayedhani kwamba neno la Kibantu ni jepesi mno kubeba jambo la dini, kwamba heshima ya ibada inahitaji Kiarabu, amekosea kwa kiasi hicho hicho.

Wapo watakaosema kwamba nia ikiwa mbaya, kazi nayo imeharibika. Nia yake haikuwa safi, kweli. Kabla yake bingwa wa lugha za Kibantu, Carl Meinhof, alikuwa ameshatoa wito wa kukichuja Kiswahili kwa sababu hizo hizo za kuuogopa Uislamu, na Roehl alikunywa katika kisima hicho. Katika Uzaramo, ambako watu wengi ni Waislamu na ndugu wa tumbo moja huweza kuwa Juma na Yohana, hofu hiyo ilikuwa ya mgeni. Ila tukipima nia, tuipime kotekote. Kiunguja kilipochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, waliokaa kikaoni Mombasa walikuwa maofisa wa serikali ya kikoloni na wamisionari. Kimvita, chenye hazina yake ya tenzi, kikawekwa pembeni. Kama Roehl alikuwa mgeni aliyejiamulia Kiswahili cha watu, hakuwa peke yake chumbani.

Makosa yake mengine ni ya ufundi tu, na Mashangilio ndilo baya kuliko yote. Zaburi nyingi ni vilio. Huwezi kumwambia mtu anayeomboleza kwamba anashangilia. Lakini angalia yaliyofuata. Tafsiri ya muungano ya mwaka 1952, ambayo wengi wetu tunaiita Biblia tu, ilibaki na Injili. Kisha ikaja Biblia Habari Njema, kamili katika miaka ya 1990, ikaamua kusema maana ya neno hilo badala ya kulirithi jina lake. Habari ni neno la Kiarabu, sawa, ila kanuni ya kazi ni ile ya Utume mwema: kwanza msikilizaji aelewe. Leo mtoto wa Tangini, Kibaha, aliyezaliwa na baba Mnyakyusa na mama Mzaramo, ana Kiswahili kama lugha yake ya kwanza, na dhambi, sala na nabii ni maneno ya nyumbani kwake. Kumrudishia msamiati wote wa mwaka 1937 kungekuwa kumfanyia kile ambacho Roehl alilalamika kwamba wengine wamemfanyia mama wa Maneromango.

Nakala za Biblia ya Roehl zinasomeka mtandaoni. Mwenye simu afungue Yohana sura ya tatu, aya ya kumi na sita, aiweke ya Roehl kando ya ile ya 1952, azisome zote mbili kwa sauti mbele ya mtu mzima wa nyumbani, halafu amwulize ameelewa nini katika kila moja.