MASHINE YA LEZA YA KUKATIA NA KUCHORA: MAMBO YA KUFAHAMU KABLA YA KUNUNUA



Wanachama wetu wanaokaa Kajaga, kando ya barabara ya kwenda Gatumba na Uvira, wametuuliza zaidi ya mara moja juu ya zile mashine ndogo za leza ambazo mtu anaweza kuiweka moja mezani nyumbani kwake, akakata ubao mwembamba, akachora jina kwenye kipande cha ngozi, au picha ya ngoma kwenye kibao cha mti. Hawa si wafanyabiashara. Ni watu wa viwandani ambao, wakishatoka kazini, hupenda kushughulisha mikono yao kwa jambo la kuwafurahisha wenyewe, kama wengine wanavyopenda kuvua samaki au kupiga gitaa. Swali lao ni fupi: tununue ipi? Jibu si fupi, kwa sababu fedha inayotolewa ni akiba ya miezi mingi, na kwa sababu mashine hii, tofauti na cherehani au randa, inaweza kumpofusha mtoto anayepita mlangoni.

Kwanza yafaa tuelewe inavyofanya kazi. Leza ni mwanga uliokusanywa ukawa mwale mmoja mwembamba. Ya kwanza iliwashwa nchini Marekani mwaka 1960 na Theodore Maiman, na mwaka 1964 Kumar Patel, mzaliwa wa India, alitengeneza leza ya gesi ya kabonidioksidi katika maabara za Bell. Mwale huo ukipitishwa katika lenzi hukusanyika kuwa nukta ndogo sana, na mti ukipigwa na nukta hiyo huungua papo hapo. Kompyuta ndiyo inayoongoza nukta huku na huku kufuata mchoro. Hakuna msumeno wala patasi, na hakuna unga wa mbao unaoanguka chini. Kila sehemu iliyokatwa imegeuka moshi. Jambo hili tutalirudia.

Mashine zinazouzwa kwa watu wa nyumbani ni za aina tatu. Ya kwanza ni ya diodi, yenye mwanga wa buluu. Ni nyepesi, kilo chache tu, haina maji wala mrija wa kioo. Hukata plaiwudi nyembamba, ambayo wengi wetu huiita tripleksi, na karatasi ngumu na ngozi, na huchora vizuri juu ya mti na mwanzi. Lakini haiwezi kukata plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, ile pleksiglasi nyeupe isiyo na rangi, kwa sababu mwanga wa buluu hupita ndani yake kama unavyopita dirishani. Ya pili ni ya gesi. Ndani yake mna mrija mrefu wa kioo uliojaa gesi, unaopozwa kwa maji. Hii hukata pleksiglasi ya rangi yoyote kwa ukingo laini kabisa, na huchora hata kioo. Ya tatu ni ya faiba, ambayo kazi yake hasa ni kutia alama kwenye chuma. Kwa mti haifai, na bei yake iko juu. Tuiache. Na asikudanganye mtu kwamba mashine ya mezani ya aina mbili za kwanza itakukatia bati la kuezekea. Haiwezi.

Basi kabla ya kuuliza bei jiulize utakata nini. Anayetaka vibao vya majina vya mti, mapambo ya harusi ya tripleksi, mikanda ya ngozi na vishikio vya funguo, diodi inamtosha. Anayetaka mabango ya pleksiglasi angavu hana budi kutafuta ya gesi, na ajiandae kwa matatizo yake.

Sasa tuje kwenye jambo linalowapotosha wengi, nalo ni wati. Tangazo linasema kwa maandishi makubwa: wati 40. Mnunuzi anaona mashine ya gesi ya wati 40 na ya diodi ya wati 40, ya diodi ni rahisi zaidi, anafurahi. Kumbe mara nyingi zile 40 za diodi ni umeme unaoingia, na mwanga unaotoka ni wati 5 au 5 na nusu tu. Tofauti hii ni sawa na kuhesabu mshahara wako kwa fedha iliyopita mkononi mwa mwajiri. Swali la kuuliza ni moja: nguvu ya mwanga unaotoka ni wati ngapi? Kwa Kifaransa utaona imeandikwa puissance optique. Ikiwa muuzaji hana jibu, usinunue kwake. Liko pia jambo la kukusaidia kupima maneno yake: diodi moja ya buluu ya mashine hizi hutoa wati 5 hivi. Mashine ya wati 10 za kweli ina diodi mbili zilizounganishwa mwale, ya wati 20 ina nne. Anayekuuzia wati 40 za mwanga kwa bei ya wati 5 anakuambia kwamba ndani ya kile kichwa kidogo mna diodi nane alizokupa bure.

Kwa kazi ya nyumbani, wati 5 za mwanga huchora vizuri lakini kukata tripleksi ya milimita 3 ni kwenda na kurudi mara kadhaa juu ya mstari ule ule, na kingo zinakuwa nyeusi. Wati 10 hukata unene huo bila taabu. Wati 20 ni nzuri zaidi, ila kwa mwanzo si lazima.

Baada ya hapo tutazame Kajaga yenyewe, maana mashine inayosifiwa Ulaya haitumiki katika hewa ya Ulaya. Mchana wa Bujumbura joto hufika nyuzi 29 au 30 karibu mwaka mzima. Mrija wa gesi unapenda maji ya kati ya nyuzi 15 na 25. Yakizidi hapo nguvu hupungua na mrija huzeeka upesi. Ndoo ya maji iliyowekwa chini ya meza Kajaga inaanza kazi ikiwa tayari kwenye mpaka huo, na baada ya muda mfupi imeuvuka. Wako wanaotia chupa za barafu ndani ya ndoo. Inasaidia, lakini barafu inataka friji, na friji inataka umeme usiokatika. Pampu ya maji ikisimama huku mwale unawaka, mrija hupasuka, na mrija ndio roho ya mashine. Juu ya hayo, mrija huo hulishwa umeme wa volti zaidi ya 10,000, unaoweza kuua, na katika mashine za bei ndogo, kama ile iitwayo K40, waya wa ardhi mara nyingi haukufungwa sawasawa kiwandani. Nyumba nyingi hazina waya wa ardhi kabisa. Asiye na fundi wa umeme wa kumwamini asiiguse.

Diodi haina taabu hizo. Mashine ya wati 10 za mwanga huvuta wati 60 hivi za umeme, kwa hiyo inaweza kufanya kazi kwa betri. Tupige hesabu. Betri ya gari ya volti 12 na ampea-saa 60 ina wati-saa 720. Kuitumia zaidi ya nusu ni kuiua, basi tuna 360. Ukitoa upotevu wa inveta, mashine itakwenda saa tano. Lakini feni ya kutoa moshi nayo lazima iwe kwenye betri hiyo hiyo. Tukisema feni ni wati 40, saa tano zimekuwa tatu. Wapo wanaounganisha mashine kwenye betri na feni kwenye umeme wa ukutani. Umeme ukikatika, mashine inaendelea kuchoma na chumba kinajaa moshi. Bora vyote vizimike pamoja.

Watu wa Kajaga hawahitaji kuambiwa habari ya maji. Kati ya mwaka 2020 na 2024 ziwa Tanganyika na mto Rusizi vimewatoa watu wengi majumbani mwao pale na Gatumba. Mashine, betri na soketi viwe juu ya meza, kamwe si sakafuni, na mashine iwe ya uzito ambao watu wawili wanaweza kuibeba usiku wakakimbia nayo. Hapo pia diodi inashinda.

Tufike kwenye macho. Kiwandani, mwajiri asipotoa miwani au barakoa, yuko mwakilishi wa kupeleka malalamiko na yuko mkaguzi wa kazi. Mfanyakazi akiumia kazini liko fungu la INSS la ajali za kazi. Nyumbani, ndugu, mwajiri ni wewe na mkaguzi ni wewe. Jicho likipotea kwa leza uliyonunua kwa starehe yako, hiyo si ajali ya kazi, na Jumatatu bado unatakiwa kiwandani.

Mwanga wa buluu wa leza huingia ndani ya jicho, na lenzi ya jicho lenyewe huukusanya nyuma, mahali pa kuonea. Hauhitaji kukupiga moja kwa moja; ukigonga kitu kinachong'aa, hata kijiko, ukarudi, unatosha. Wakati mwingine hakuna maumivu. Mtu anagundua baadaye kwamba katikati ya anachokiona pana doa, na doa hilo haliondoki. Miwani ya jua haizuii. Miwani ya kuchomelea haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Miwani inayofaa imeandikwa aina ya mwanga inaozuia, kwa diodi nanomita 450, na herufi OD zenye namba. Kila namba moja ni kupunguza mwanga mara kumi: OD 4 hupitisha sehemu moja kati ya 10,000. Chini ya hapo usikubali. Ile miwani ya plastiki inayokuja bure sandukuni bila maandishi yoyote, mpe mtoto achezee mashine ikiwa imezimwa.

Hata hivyo miwani humlinda aliyeivaa tu. Mke, jirani aliyekuja kuomba chumvi, mtoto, hawa hawana. Kwa sababu hiyo maoni yetu ni kwamba mashine ya kwanza ya mtu mwenye familia iwe ya sanduku lililofungwa pande zote, lenye kifuniko kinachozima mwale kikifunguliwa. Ikiwa fedha haitoshi kwa sanduku, ni afadhali kungoja miezi mitatu kuliko kununua iliyo wazi.

Tulisema kila kinachokatwa kinageuka moshi. Moshi wa tripleksi na wa mbao zilizosagwa na kugandishwa, zile za MDF, una gundi iliyoungua ndani yake, na gundi hiyo hutoa formaldehidi, gesi inayowasha macho na koo na inayojulikana kuleta saratani. Feni iusukume nje kwa bomba, na mdomo wa bomba usielekee dirisha la jirani. Lakini kuna vitu visivyofaa kukatwa hata kwa feni nzuri, na mbele yao wote ni PVC. Ikiungua hutoa gesi ya asidi ya hidrokloriki, ambayo huchoma mapafu na kuilisha mashine kutu. Tatizo ni kwamba PVC haijitaji: iko katika mabango mepesi meupe, na katika ngozi ya bandia ya viti, ile skai. Fundi yeyote anaweza kuipima. Nenda nje, pasha waya wa shaba kwenye moto mpaka uwe mwekundu, uguse plastiki ili chembe ishike kwenye waya, kisha urudishe waya motoni. Moto ukitoa rangi ya kijani kibichi, mna klorini humo, usikate.

Moto wa kweli nao upo. Kibao huweza kushika moto wakati wowote, hasa kwenye kona ambapo nukta hukawia. Usiondoke, hata kwenda kuchota maji. Weka ndoo ya mchanga na kitambaa kilicholowa karibu, na ujue bila kutazama waya wa umeme unachomolewa wapi.

Kuhusu bei, diodi ndogo ng'ambo huuzwa kwa dola mia mbili hadi mia tano hivi za Marekani kwa kadiri ya nguvu, na sanduku lake ni juu ya hapo. Ongeza usafiri, ushuru, na TVA ya asilimia 18 pale OBR, na usisahau kwamba dola yenyewe hupatikana kwa shida. Kwa hiyo watu wanne watano kuchangia mashine moja kwa njia ya upatu ni jambo la busara, mradi iandikwe mapema mashine itakaa kwa nani, nani atalipa diodi ikichakaa, na anayehama atarudishiwa nini. Kukopa kwa mshahara kwa ajili ya kitu cha starehe hatukushauri hata kidogo. Ukimpata mjini fundi wa mihuri au mabango mwenye leza, mlipe akukatie vipande viwili vya mti ulio nao. Utajifunza kwa siku moja kuliko kwa matangazo ya mwezi mzima.

Uliza pia kama mashine inaelewana na programu ya LaserGRBL, ambayo ni ya bure na hufanya kazi kwenye kompyuta kuukuu ya Windows. LightBurn ni nzuri zaidi lakini hulipiwa. Na unapoagiza, agiza katika sanduku hilo hilo kioo kimoja cha akiba cha kukinga lenzi, mkanda mmoja wa kuendeshea kichwa, na miwani ya pili. Ni vitu vya bei ndogo, lakini kimoja kikiharibika, kukingoja kitoke China peke yake ni majuma mengi mashine ikiwa imefunikwa kitambaa.