Vyakula Vizuri Havimo Katika Orodha

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii nimeifasiri darasani mara nyingi, lakini ukweli wake ulinijia hivi karibuni tu, katika barabara ya Pwani ya Kusini baina ya Ukunda na Msambweni, na ulinijia pamoja na aibu.

Mgeni wangu alikuwa mwalimu mwenzangu kutoka Uchina, mtu wa makamo ambaye amewafundisha vijana wa kwao Kiswahili kwa muda mrefu. Alikuwa amefika Mombasa kuhudhuria kongamano, nami nikajitolea kumtembeza mwishoni mwa juma. Tulivuka kivuko cha Likoni asubuhi, tukapita Ng'ombeni, Waa na Tiwi, na kufikia adhuhuri tulikuwa Diani. Kwa kuwa nilitaka kumkirimu kwa heshima aliyostahili, nilikuwa nimekwisha kuulizia mkahawa mzuri wa Kichina. Nikampeleka huko kwa fahari, kama mtu anayempelekea msafiri barua kutoka kwao.

Mgeni aliipokea orodha ya vyakula, iliyoandikwa kwa Kiingereza, Kijerumani na Kiitaliano, akaisoma kwa adabu toka mwanzo hadi mwisho. Kisha akaniambia, "Daktari, nashukuru sana. Vyakula hivi vina majina ya kwetu, lakini sura zake sizijui." Akainuka, akaenda hadi mlango wa jikoni na kusema maneno machache kwa Kichina. Mpishi akatoka akijifuta mikono, uso umemkunjuka kwa furaha. Kumbe alikuwa mtu wa Sichuan, jimbo lisifikalo kwa pilipili. Baada ya nusu saa tuliletewa samaki mzima wa bahari yetu, amezama katika pilipili nyekundu na tangawizi. Jina lake halikuwamo popote katika ile orodha. "Hiki," mgeni akaniambia huku macho yananitoka machozi kwa ukali wa kiungo, "ndicho wanachokula wapishi wageni wakishaondoka."

Hilo lilikuwa somo la kwanza. La pili lilikuja jioni.

"Sasa nipeleke kwenu," alisema. "Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wangu neno mchunga. Kamusi inasema ni mboga chungu. Sijapata kuionja. Hupatikana wapi?"

Msomaji mpendwa, mimi ni mtu mwenye shahada ya uzamifu katika isimu. Nimeandika kurasa nyingi kuhusu udugu wa Kiswahili na lugha za Wamijikenda. Naweza kukueleza kwamba mchunga wa Waswahili ndio mtsunga wa Wadigo, na kwamba Chidigo hutamka ts mahali ambapo Kiswahili hutamka ch, kama tuonavyo katika tsi na nchi, utsungu na uchungu. Lakini nilipoulizwa mahali pa kuila mboga yenyewe, nilinyamaza. Nilikuwa naujua mzizi wa neno bila ya kuijua njia ya kuifikia sahani yake. Nikamwuliza mhudumu pale tulipolala. Akatabasamu kwa upole na kunijibu kwamba mchunga hawapiki, ila piza ipo.

Kesho yake tulishika njia ya Msambweni. Pale wavuvi wanapofikishia samaki tulimkuta mama karanga mmoja akiwa mbele ya karai lake la mafuta. Nilimwamkia, nikamwuliza kwa Kiswahili kama kuna chakula. Akanionyesha samaki wa kukaanga. Ndipo nilipojikaza na kuuliza kwa Chidigo changu cha vitabuni kama mtsunga hupatikana. Mama yule aliacha kugeuza samaki, akacheka hadi akashika kiuno. "Mwalimu," akasema, "hicho si chakula cha kuuza. Hicho ni chakula chetu."

Maneno hayo hayajanitoka akilini. Nitayarejea.

Kwa ufupi, tulikaribishwa nyumbani. Tulipitia dukani kwanza kununua sukari na majani ya chai, maana mkono mtupu haulambwi. Mchunga ulichemshwa, maji yake ya kwanza yakamwagwa ili kupunguza uchungu, ukaungwa kwa tui la nazi. Pembeni palikuwa na ng'onda. Ilipotangazwa kwamba wari u tayari, mgeni wangu alinong'ona, "Wali, nimefahamu." Lakini kilicholetwa kilikuwa sima nyeupe, inatoa mvuke. Mwenzangu alinikodolea macho, nami kwa mara ya kwanza tangu tuvuke Likoni nikawa na la kumfundisha. Kwa Wadigo na ndugu zao Wamijikenda, wari ni sima. Wali wa Waswahili ni neno hilohilo, ila kwao limehamia kwenye mchele uliopikwa. Hata ugali ni ndugu wa tumbo moja na wali: lugha za bara zimehifadhi g ya kale ambayo Kiswahili kiliipoteza, kama vile wengine wasemavyo kugenda nasi tukasema kwenda. Neno moja likazaa matatu, na kila moja likashika chungu chake. Jambo hili nimelieleza ubaoni mara nyingi. Sijapata kuona likieleweka upesi kama siku ile, mbele ya sinia moja.

Atatokea mtu aniulize: hicho unachokiita chakula cha asili kina uasili gani? Swali ni halali. Mahindi ya sima ile asili yake ni Marekani, ingawa jina lake linadai kwamba yametoka India. Muhogo nao ulitoka huko huko Marekani. Hata pilipili iliyonitoa machozi Diani, ambayo mpishi wa Sichuan anaiona kuwa roho ya kwao, haikujulikana Uchina kabla ya Wazungu kuivuka bahari ya Atlantiki. Kwa upande mwingine, Uchina umo katika kila kibanda cha Kwale bila ya sisi kutambua, kwa maana chai ni cha ya Wachina iliyotufikia kupitia Uajemi na India. Mwaka 1415 twiga wa Malindi alifikishwa mbele ya mfalme wa Uchina, na ladha na maneno yamevuka bahari hiyohiyo kwa karne nyingi. Kwa hiyo uasili haumo katika mbegu. Umo katika mikono iliyoipokea mbegu, ikaijaribu, ikaipa tui, ikaipa jina, na ikawarithisha watoto namna ya kuipika.

Basi turejee kwa mama karanga. Kwa nini chakula chetu kisiwe chakula cha kuuza? Mpishi wa Kichina alikificha chakula chake kwa sababu alidhani mteja mgeni hatakiweza. Lakini yeye mwenyewe hukila kila usiku na kukiita kwa jina lake, na mtu yeyote anayejua lugha ile akibisha mlango wa jikoni, atafunguliwa. Sisi tumekificha chetu kwa sababu nyingine: tumeamini kwamba hakifai kuonekana mbele ya watu. Niliporudi chuoni niliwaomba wanafunzi wangu, wengi wao wakiwa wazawa wa Pwani, waandike majina kumi ya vyakula vya kwao kwa lugha za nyanya zao. Aghalabu walifika la nne, kisha zikafuata chipsi. Sikuwalaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefeli mtihani huo huo mbele ya mgeni.

Kinachopotea hapo si shibe peke yake. Neno likikosa sahani hubaki kamusini kama kaburi lenye jina. Mtoto asiyepata kuuona mchunga ukimwagwa maji ya kwanza hatajua kitenzi cha kazi hiyo, wala jina la chungu chake, wala mzaha unaosemwa jikoni wakati wa kungoja. Lugha haifi siku moja. Huanza kufa jikoni, na msiba hufika darasani baadaye.

Wenzetu wameliona hili. Mwaka 2017 UNESCO iliitambua nsima ya Malawi, ambayo ni dada wa sima yetu, kuwa urithi wa wanadamu. Mwaka 2021 shirika hilo likauingiza mradi wa Kenya wa kuhifadhi vyakula vya jadi katika rejista ya mifano bora ya uhifadhi, mradi uliowahusisha pia wanafunzi wa shule. Misitu ya kaya za Wamijikenda, ikiwa ni pamoja na Kaya Kinondo iliyo karibu na Diani, ilitambuliwa mwaka 2008. Itakuwa ajabu kama tutauhifadhi msitu na kukisahau chungu kilichokuwa kikipikwa kando yake.

Kwa msafiri, ushauri wangu ni mfupi. Ukitaka mkahawa mzuri wa Kichina, tazama kama Wachina wenyewe wanakula humo, kisha uliza kile ambacho hakikuandikwa. Ukitaka chakula kizuri cha Kwale, ondoka kwenye barabara ya mahoteli, nenda mahali ambapo makuli, wavuvi na madereva wa matatu hula saa sita, amkia, na uombe kwa lugha ya mahali hata kama utaikosea. Kosa lako litachekwa, na kicheko ndicho kifungua mlango.

Kwa walimu wenzangu, ombi langu ni hili. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 7, inaitaka dola ilinde na kukuza lugha za wananchi. Dola haina jiko, sisi tunayo. Mpeni kila mwanafunzi kazi moja ya likizo: akae na nyanya yake siku moja, apike naye chakula kimoja, na alete darasani jina la chakula hicho, majina ya vyombo, na vitenzi vyote alivyovisikia. Mkusanye mkayaandike.

Mgeni wangu amerudi kwao. Katika barua yake ya kwanza amenieleza kwamba sasa, alifikapo kwenye neno mchunga, hulifundisha bila ya kufungua kamusi. Nami najitahidi niweze kusema hivyo hivyo.